Mbwa wa Nyumbani Ale Nini?



Juma hili nataka tuzungumze habari za mkaaji wa nyumbani asiyekaribishwa mkekani wakati wa kula, yaani mbwa. Najua wengine watacheka wakisema, "Tazameni, gazeti la Kanisa sasa limekuwa la mbwa!" Haidhuru. Chekeni kwanza, kisha msome mpaka mwisho, maana habari hii yaanzia kwenye kigae cha mbwa lakini yaingia mpaka chungu cha watoto wenu.

Katika vijiji vyetu, toka Nzega mpaka Sikonge, toka Uyui mpaka Kaliua, nyumba zisizo na mbwa ni chache. Usiku mbwa hulinda mbuzi, fisi asiwachukue. Mahindi yanapoanza kukomaa huwafukuza ngedere na nguruwe mwitu. Warina asali huenda nao porini, na bibi kizee aishiye peke yake hulala usingizi akijua yuko anayesikiliza nje. Lakini ukimwuliza mwenye nyumba, "Mbwa wako hula nini?", mara nyingi jibu ni neno moja: "Anajitafutia."

Anajitafutia wapi? Kilabuni kwenye mifupa ya nyama choma. Machinjioni. Kwenye kiota cha kuku wa jirani. Jalalani, na nyuma ya vyoo, mahali ambapo sitaki kupataja zaidi kwa kuwa pengine mnasoma gazeti hili baada ya chakula. Kisha arudi nyumbani, na mtoto wako mdogo amkumbatie.

Babu zetu waliokuwa wapagazi wangelishangaa kusikia neno hilo. Katika ile njia ya zamani ya misafara, toka Bagamoyo kupitia Ugogo hata Tabora na Ujiji, kila mpagazi alikuwa na posho yake: kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama gramu 700 hivi. Mkubwa wa msafara aliyewaambia watu wake wajitafutie hakukawia kuamka na kukuta mizigo iko lakini wapagazi hawako. Mbwa nao walikuwamo njiani. Stanley alipokuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na mbwa aitwaye Omar, aliyemleta toka Bombay. Maskini Omar hakuiona Tabora wala lile tembe la Kwihara. Alikufa kwenye vinamasi vya Makata, upande wa Morogoro. Na msomaji wa Maandiko atakumbuka kwamba Tobia naye alipokwenda safari ndefu pamoja na malaika, mbwa alifuatana nao. Mwandishi mtakatifu hakuona aibu kumtaja.

Basi nitawaambieni kwa nini nimeshika habari hii. Nilipokuwa mtoto tulikuwa na mbwa mwekundu, hodari sana. Mwaka mmoja mvua zilichelewa kukatika, tukavuna mahindi yakiwa bado mabichi, tukayarundika ndani. Yalipofunguliwa yalikuwa na ukungu, mengine ya kijani kama unga wa majani, mengine meusi. Mama alikuwa mtu mwangalifu. Alikaa siku mbili na ungo akichambua. Mazuri aliyaweka kwa ajili yetu. Mabaya hakuyatupa, maana nani atupe chakula? Aliyatwanga akampikia mbwa.

Mbwa alikula kwa furaha siku za kwanza. Halafu akaanza kukataa. Akatapika. Macho yake na ufizi vikawa vya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo likajaa maji, akaanza kuhara damu. Juma la tatu alikufa chini ya mwembe. Baba alisema ametegewa sumu. Tena alimtaja mwenye kutega: jirani ambaye kuku wake waliwahi kuliwa na mbwa huyo. Maneno yakasemwa ambayo hayakufaa kusemwa. Nyumba mbili ambazo watoto wake walikwenda mafundisho ya Komunyo pamoja hazikusalimiana muda mrefu. Sisi tukaendelea kula yale mahindi mazuri ya gunia lile lile.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua ni nani aliyemwua mbwa wetu. Ni ule ukungu. Nilipojua, baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilikwenda kwa yule jirani mwenyewe, mzee sasa, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akaagiza niletewe kiti, akaniuliza, "Na mahindi mengine mliyala ninyi?"

Swali lake ndilo swali la juma hili.

Siku hizi sumu hiyo yaitwa sumukuvu. Yatokana na kuvu iotayo juu ya mahindi, karanga, na vyakula vingine vilivyowekwa na unyevu au kulowa. Ilianza kujulikana mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ninyi wa Urambo, ambako Waingereza walifyeka pori kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga na kuuacha mwaka 1951, msidhani karanga zenu zimesalimika. Karanga iliyosinyaa, iliyogeuka rangi, yenye uchungu ulimini, iogopeni.

Sumu hii hushika ini. Mbwa ni mmoja wa wanyama ambao huwapata upesi na kwa ukali. Hata Marekani, ambako watu hununua chakula cha mbwa dukani kikiwa ndani ya mifuko mizuri, mwishoni mwa mwaka 2020 mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa sababu chakula hicho kilikuwa na sumukuvu. Lakini haikomei kwa mbwa. Mwaka 1974, katika vijiji vya magharibi ya India, watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi yenye kuvu, na mbwa wa nyumba zile, waliokula chakula kile kile, walikufa kwa dalili zile zile: macho ya manjano na tumbo la maji. Mwaka 2004 jirani zetu wa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317, wakafa 125. Na msiseme ni mambo ya mbali. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 wakafa 20. Dodoma ndiko misafara ilikopita ikija kwetu.

Mtu mzima alaye sumu hii kidogo kidogo miaka mingi huweza kupata saratani ya ini. Mtoto huwa hatarini zaidi, maana uji wake ni mahindi na karanga, asubuhi na jioni.

Sasa mama mmoja ataniambia, "Lakini mahindi ya mbwa nayapika sana." Mama, moto wa jikoni hauiondoi sumu hii. Unaua kuvu, sumu yake inabaki. Mwingine atasema, "Mimi nampa pumba tu." Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa sumu hukaa zaidi katika ganda na kiini cha punje. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hutoka na pumba. Kwa hiyo pumba za mahindi mabaya ni mabaya ya mabaya. Vile vile usimpe kuku, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita mpaka kwenye maziwa atakayokunywa mtoto. Wala usiyapikie pombe ukawauzia watu. Hilo ni jambo la kupeleka kitubioni. Punje zilizooza zifukiwe mbali. Najua inauma kufukia nafaka. Nami nimezaliwa katika nyumba iliyoogopa kutupa.

Wengi hujitetea kwa Injili: mbwa hula makombo yaangukayo mezani. Ndiyo, ndivyo alivyosema yule mama Mkanaani, na Bwana Yesu alimsifu kwa imani yake. Lakini angalieni, makombo yale yalitoka meza ile ile ya watoto. Ulikuwa mkate ule ule, vipande vidogo tu. Yule mama hakusema mbwa hupewa mkate uliooza ambao watoto wameukataa. Basi kanuni ya jikoni ni hii: chakula ambacho usingempa mwanao kwa sababu kimeoza, mbwa naye asipewe.

Tukiisha kukubaliana hapo, kupika si kazi kubwa. Mbwa wetu wa kienyeji wa makamo huwa na uzito wa kilo 15 hivi. Kwa siku moja mtosheleze kwa kikombe cha chai kilichojaa unga wa dona uliotokana na mahindi yaliyochambuliwa, konzi moja ya dagaa wakavu, kijiko kimoja cha kulia cha mafuta, na konzi ya majani ya kunde au mchicha au kipande cha boga. Dagaa ndio siri yenyewe. Kwetu Tabora hatuna ziwa, lakini tuna reli. Toka garimoshi lilipofika Kigoma mwaka 1914 hatukukosa njia ya dagaa. Wale vichwa na vipande vilivyovunjika chini ya gunia, ambavyo mwuzaji huviuza kwa bei ndogo, vyafaa kabisa kwa mbwa, mradi ni vikavu na havinuki uvundo. Dagaa huliwa na mifupa yake midogo, basi mbwa hupata nyama na chokaa ya mifupa kwa pamoja.

Pepeta mchanga, osha, kisha twanga dagaa kidogo kinuni. Msipotwanga, mbwa atachagua dagaa na kuuacha uji, kama watoto wafanyavyo. Chemsha maji, tia dagaa na mboga, vikiisha kuiva koroga unga mpaka uwe uji mzito, uache utokote vizuri, kisha tia mafuta. Chumvi usitie. Epua, acha upoe hata kidole chako kistahimili. Mbwa wengi huungua ulimi kwa sababu ya haraka ya watoto. Nusu mpe asubuhi, nusu jioni.

Siku dagaa hawapo, maharage yatafaa, lakini yalowekwe na kuchemshwa mpaka yaive kabisa, maana maharage mabichi yana sumu yake. Yai moja lililochemshwa ni zuri. Matobolwa yaliyopikwa mbwa huyapenda sana, ila nayo yatazameni kama hayana ukungu. Ukoko wa ugali usioungua sana, uliolowekwa kwa mchuzi wa samaki usio na kitunguu, ni chakula chema. Wala msidhani nauchukia ukoko, mimi mwenyewe nilikuwa nagombania ukoko na ndugu zangu. Ijumaa za Kwaresima, familia ikijinyima nyama, mbwa hahesabiwi.

Habari za matumbo na maini kutoka machinjioni. Ni chakula kizuri, lakini visitupwe vibichi hata kidogo. Mara nyingine katika ini au mapafu ya mbuzi na kondoo utaona vifuko vyeupe vilivyojaa maji. Mbwa akila vifuko hivyo vibichi hupata minyoo midogo sana tumboni, na mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, mayai humwingia, na baada ya miaka huota uvimbe wa maji ndani ya ini lake. Ugonjwa huu umewatesa sana Waturkana wa Kenya, na Wamasai wa pande za Ngorongoro. Kwa hiyo vyenye vifuko vichomwe au vifukiwe shimo refu, na vilivyo safi vichemshwe nusu saa kamili.

Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo; mbwa asipewe. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu yake. Machicha ya pombe yana ulevi, nami nimeona watu wakicheka mbwa akipepesuka. Si jambo la kuchekesha. Muhogo mchungu usiolowekwa, la. Na mbegu za mahindi zilizobaki baada ya kupanda, zile zenye rangi ya dawa, msizitwange kwa ajili ya kiumbe chochote, hata mkizisafisha mara kumi.

Sasa nifike kwenye neno ambalo wazee hulisema nami lazima nilijibu: "Mbwa akishiba halindi." Nimelisikia tangu utoto. Nijibuni, mbwa mwenye njaa saa 7 usiku yuko wapi? Yuko kilabuni chini ya meza. Fisi akija kwako, mlinzi wako anagombania mfupa nyumba ya tano. Mbwa aliyekula jioni mlangoni kwake hulala mlangoni kwake. Naye mbwa asiyetangatanga hapati kwa urahisi kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka, mwulizeni bwana mifugo wa kata yenu. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Kichaa kikiisha kuonekana kwa mtu, ni kifo.

Jibu la pili ni kwa yule mama anayesema, "Watoto wangu wenyewe hawajashiba, nimpikie mbwa dagaa?" Mama, una haki. Mimi nasema afadhali mbwa mmoja anayekula kuliko wanne wanaojitafutia. Kama mwaka ni wa njaa, mpe uji wa unga ule ule mnaokula, hata ukiwa mwepesi, na vichwa vya dagaa. Lakini jike mwenye kunyonyesha usimpunje, kwa kuwa huhitaji mara mbili hata mara tatu ya posho yake, na watoto wake wakianza kula wapewe kidogo kidogo mara nne kwa siku.

Tena, si kila mbwa aliyekonda ana njaa. Kama anakula vizuri na bado anakonda, pengine ni minyoo, naye atafutiwe dawa. Na ninyi mnaokaa karibu na misitu ya Kaliua, Urambo na Sikonge, penye mbung'o, mkiona mbwa ana homa, amekonda, na jicho limefunikwa na ukungu mweupe, chakula hakitamponya. Mpelekeni kwa bwana mifugo upesi.

Nirudi kwenye kihenge, maana ndiko mambo yote yanakoanzia. Anikeni mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kabla ya kuhifadhi, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje konzi moja na chumvi kavu kijiko kimoja, funga, tikisa kidogo, acha robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Chumvi ikianguka chini yote, wekeni. Ile mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa ni mizuri kwa mwenye uwezo, lakini hata hiyo haikaushi mahindi mabichi. Hufungia tu kile ulichokitia.

Na kila mnapochambua, chambueni mchana, mahali penye mwanga, si usiku kwa kibatari. Punje iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyogeuka rangi, itoke. Kisha mwagia maji juu ya zilizobaki. Nyepesi zinazoelea nazo zitoke. Zilizozama ndizo zipelekwe kinuni, za watoto na za mbwa pamoja.

Mwisho, kigae cha mbwa kiwe chake peke yake, kioshwe kila jioni, na pembeni yake pawe na maji safi, hasa miezi ya Septemba na Oktoba ambapo hata visima vya hapa kwetu hushuka. Mtoto aliyepewa kazi ya kumlisha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuketi kula.